Tahadhari kwa Waweka Hazina: Mchango wa Mgombea Si Rambirambi

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, kama jina lako liko juu ya orodha ya michango ya mgombea kwenye kundi lolote la WhatsApp, na fedha zinaingia kwenye akaunti yako binafsi kwa Zelle au Cash App, simamisha ukusanyaji leo mpaka umalize kusoma. Sisemi mrudishe fedha zote za watu, wala sisemi mgombea wenu hafai. Nasema kuna fomu za serikali ambazo huenda hamjazijaza, na kadiri siku zinavyokwenda deni linakua kimyakimya juu ya kichwa cha mtu mmoja: mweka hazina.

Kazi yangu ni kutunza hesabu na kuwajazia watu kodi. Majira ya baridi yaliyopita alikuja kwangu dada mmoja anayefanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Siasa hazikuwa zimemleta. Alikuwa ameomba msaada wa kodi ya nyumba, ofisi ikataka taarifa zake za benki za miezi kumi na miwili, na aliyezipitia akamuuliza swali moja tu: fedha zote hizi zilizopita humu ni za nani?

Akatoa daftari kwenye mkoba. Daftari la jalada gumu, la mistari, kona zimeshaliwa. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na michango ya kusafirisha maiti ya mzee mmoja kwenda Kigoma. Ukurasa wa kulia ulikuwa na michango ya kijana wao aliyekuwa akigombea baraza la jiji. Mwandiko ni uleule, kalamu ileile, tiki zilezile. Mstari wa nne: "Baba Neema 250." Wa saba: "Da Sofi na wenzake kazini 600." Wa kumi na moja: "Msamaria Mwema 300." Karibu na mwisho: "Ya Muscat 500." Kurasa zilizofuata zilikuwa hivyohivyo, na jumla ya upande wa mgombea ilifika dola 31,000. Nilipiga hesabu mara mbili, haikupungua hata senti. Dada yule hakula dola ya mtu. Lakini kila mstari wa ukurasa wa kulia niliokutajieni ulikuwa na kasoro ambayo sheria ya Marekani ina jina lake na ina adhabu yake.

Nimemwona mwingine baada yake, na mwingine. Ndiyo maana naandika.

Tunafahamu jinsi tulivyofika hapa. Watu wetu wameanza kugombea, na wengine wanashinda. Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo la Minnesota, na wengi wetu tulifurahi kama tumepata mtoto. Kuanzia Dallas hadi Lowell, akitokea kijana wa kwetu anayetaka kiti, tunafanya tulichofundishwa na wazazi: tunaunda kamati, tunachagua mweka hazina mwaminifu, tunachanga. Mweka hazina tunayemchagua ni yuleyule wa misiba, kwa sababu ameshaonyesha kwamba hali fedha za watu. Na anakuja na taratibu zake za msibani. Kwenye msiba kuuliza fedha imetoka wapi ni kukosa adabu. Anayetoa bila kutaja jina anasifiwa kuliko anayejitangaza. Kaka aliye Muscat au Nairobi akituma chochote, anaombewa dua.

Kwenye siasa za Marekani mambo hayo matatu, yaani kutouliza, kuficha jina na kupokea kutoka ng'ambo, ndiyo hasa sheria inayoyawinda.

Kundi linalokusanya fedha ili kumsaidia mtu achaguliwe, au kumpinga asichaguliwe, liwe la watu watano au elfu tano, mbele ya mamlaka ya kodi ya serikali kuu, IRS, ni shirika la kisiasa chini ya kifungu cha 527 cha sheria ya kodi. Haijalishi kiti ni cha rais, cha baraza la jiji au cha bodi ya shule. Kifungu hicho kilianza mwaka 1975, na kwa asili ni cha hisani: michango inayotumika kwa kazi ya uchaguzi haikatwi kodi ya mapato. Wengi wetu tumesikia hiyo nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ni kwamba msamaha huo haujileti wenyewe. Unauomba, tena mapema, na unaulipia kwa kuweka wazi majina.

Uwazi huo una kisa chake. Kwa miaka ishirini na mitano makundi mengi ya 527 hayakulazimika kumtajia mtu yeyote fedha zao zinatoka kwa nani, mradi yasitamke waziwazi "mpigieni fulani kura". Mwaka 2000, kabla ya kura za mchujo za Machi 7 katika chama cha Republican, yalitokea matangazo ya televisheni ya kumshambulia John McCain, yakiwa yamelipiwa na kundi lililojiita Republicans for Clean Air. Watu wakauliza, hawa ni akina nani? Ikaja kujulikana kwamba nyuma ya jina hilo walikuwa ndugu wawili matajiri wa Texas, Sam na Charles Wyly, wafuasi wa George W. Bush, na kwamba matangazo yaligharimu kama dola milioni 2.5. Bunge likachukua hatua, na Julai 1, 2000 Rais Clinton akatia saini sheria ya kuyalazimisha makundi ya 527 kujitangaza na kutaja wachangiaji wao. Novemba 2002 ililegezwa kidogo, hasa kwa makundi ya majimbo na ya mitaa ambayo tayari yanatoa taarifa kwa serikali za majimbo yao.

Wavu huo ulifumwa kwa ajili ya papa. Lakini papa ana mawakili wanaojua matundu yako wapi. Anayenasa ni dagaa, na dagaa ni dada yule wa zamu ya usiku.

Sasa tuingie kwenye yenyewe. Kundi likishaanzishwa, lina saa 24 kujitangaza kwa IRS kwa Fomu 8871, inayojazwa kwenye mtandao. Ili uijaze unahitaji kwanza namba ya utambulisho ya mwajiri, EIN, hata kama kundi halina mfanyakazi hata mmoja. Namba hiyo IRS inaitoa bure. Mtu akikudai dola mia kukuombea EIN, mkimbie. Ukishatuma Fomu 8871 utachapisha Fomu 8453-X, utaitia saini na kuituma kwa posta, kisha IRS itakutumia jina la kuingilia na nywila. Hapa ndipo wengi wanakwama. Taarifa za fedha, zile za Fomu 8872, tangu mwaka 2020 hupokelewa kwa njia ya mtandao tu, na bila nywila hiyo huingii. Anayesubiri wiki ya mwisho anajikuta ana daftari safi, ana nia njema, na hana njia ya kutuma taarifa.

Ukichelewa kujitangaza, kipindi chote kabla ya Fomu 8871 kundi halihesabiwi kuwa na msamaha. Maana yake michango yenyewe inageuka kuwa mapato ya kutozwa kodi, kwa kiwango cha kampuni, ambacho sasa ni asilimia 21. Chukua dola 31,000 za dada yetu. Asilimia 21 ni dola 6,510, ukiondoa kwanza gharama chache zilizotumika moja kwa moja kuzikusanya. Zile mlizompa mchapishaji wa mabango, zile mlizokodi ukumbi wa mikutano ya kampeni, hazipunguzi kitu. Fedha zimeshatumika zote, mgombea ameshashindwa au ameshaapishwa, na deni liko palepale.

Fomu 8872 nayo inataka habari za kila aliyetoa jumla ya dola 200 au zaidi ndani ya mwaka: jina kamili, anwani, kazi yake na mwajiri wake, tarehe na kiasi. Na kila uliyemlipa jumla ya dola 500 au zaidi, pamoja na sababu ya malipo. Angalieni neno jumla. Mama anayetuma hamsini kila mwisho wa mwezi, mwezi wa nne ameshavuka mstari, lakini kwenye orodha ya WhatsApp anaonekana ni wa hamsini siku zote. "Baba Neema" si jina linaloandikwa kwenye fomu ya serikali. "Da Sofi na wenzake" ni watu wangapi, na nani alitoa ngapi? "Msamaria Mwema" hana anwani wala mwajiri. Fedha ambazo hukuzitolea maelezo zinatozwa ile asilimia 21. Kwa Msamaria Mwema peke yake ni dola 63. Nilipojumlisha mistari yote ya daftari lile isiyo na maelezo ya kutosha nikapata dola 18,000, ambazo kodi yake ni dola 3,780.

Fomu zote mbili zinawekwa wazi kwenye tovuti ya IRS, na yeyote anaweza kuzisoma, mpinzani wa mgombea wenu akiwamo. Mwambie mchangaji hivyo kabla hajatuma. Anayo haki ya kujua kwamba jina lake litaonekana.

Najua jibu ninalopewa kila nikifika hapa: sisi ni wadogo. Ni kweli, kundi linalotarajia kwa haki kwamba mapato yake ya kila mwaka hayatafika dola 25,000 halilazimiki kujaza Fomu 8871 wala 8872. Lakini watu wanaikumbatia namba hiyo bila kuitazama vizuri. Inahesabu mapato ghafi. Tiketi za chakula cha jioni, fulana, nyama choma iliyouzwa uwanjani, vyote vinaingia kabla hujatoa gharama ya mbuzi na mkaa. Kundi likivuka dola 25,000 bila kutarajia, lina siku 30 tu za kujaza Fomu 8871. Na dada yetu hakujua siku aliyoivuka, kwa sababu daftari halikuwa na jumla ya chini ya kila ukurasa. Tuliitafuta pamoja, tukiongeza mstari kwa mstari, tukakuta siku 30 zilishapita zamani.

Tena udogo huo ni wa IRS peke yake. Jimbo lako lina sheria zake, na majimbo mengi yanaanza kudai taarifa kwenye kiasi kidogo sana kuliko hicho. Na kama mnayemsaidia anagombea Bunge la Marekani, mnaingia kwa tume ya uchaguzi ya shirikisho, FEC. Huko kundi linaloendesha siasa za uchaguzi huo likikusanya au kutumia zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka linapaswa kusajiliwa ndani ya siku 10. Elfu moja! Chakula cha jioni kimoja cha watu arobaini kinatosha. Desemba 2006 tume hiyo ilitoza makundi matatu ya 527 yaliyoshiriki uchaguzi wa 2004, Swift Boat Veterans for Truth, League of Conservation Voters na MoveOn, karibu dola 630,000 kwa kutosajiliwa kama kamati za kisiasa na kwa kupokea michango isiyoruhusiwa. Hao walikuwa na mawakili.

Sasa nije kwenye mstari unaoninyima usingizi kuliko yote: "Ya Muscat 500."

Sheria ya Marekani inamkataza mtu ambaye si raia na hana ukaazi wa kudumu, ile tunayoita grin kadi, kuchangia uchaguzi wowote, uwe wa taifa, wa jimbo au wa mtaa. Haiangalii yuko wapi. Kaka aliyeko Muscat haruhusiwi, na mwanafunzi aliye chumba cha pili mwenye viza haruhusiwi, na mwenye viza ya kazi, na anayesubiri kusikilizwa ombi lake la hifadhi. Mkimbizi kutoka Kongo aliyeingia kihalali lakini bado hajapata grin kadi naye haruhusiwi, ingawa analipa kodi kama jirani yake. Wala hawezi kumpa mwenye grin kadi fedha zake azitume kwa jina lake. Kutoa mchango kwa jina la mtu mwingine ni kosa linalojitegemea katika chaguzi za shirikisho, na tunalifanya bila kujua kila mtu mmoja anapokusanya za ishirini kisha akaandika hundi moja kwa jina lake. Anayeomba na anayepokea wamo pia kwenye katazo la fedha za wageni. Ukifanya kwa makusudi, jambo linaweza kufika kwenye jinai, na hakuna kati yetu asiyejua jinai inamfanyia nini mtu ambaye karatasi zake bado ziko mezani kwa watu wa uhamiaji.

Kuna jambo zaidi ambalo watu hawalijui. Mtu asiye raia wala mwenye grin kadi anaweza kujitolea bure, akagawa vipeperushi, akapika, akasimama barabarani na bango. Lakini hawezi kushiriki maamuzi ya fedha: nani apewe, kiasi gani, itumike wapi. Kwa hiyo kama mweka hazina wenu, au mwenyekiti, ni yule kijana msomi mwenye viza ya masomo, mtoeni kwenye nafasi hiyo leo. Mtoeni kwa heshima na kwa shukrani, na mwelezeni kwamba mnamlinda.

Akaunti ya chama cha jamii nayo isiguswe. Vyama vyetu vingi, na makanisa na misikiti yetu, vimesajiliwa kama mashirika ya hisani chini ya kifungu cha 501(c)(3), na mashirika hayo yamekatazwa kumuunga mkono au kumpinga mgombea tangu mwaka 1954, kwa marekebisho yaliyoletwa na seneta Lyndon Johnson. Mchango wa mgombea ukipita kwenye akaunti ya chama kinachozika watu wetu, mnaweza kukipotezea chama chenyewe msamaha wake. Siku ya msiba mtakwenda wapi?

Kwa wengi wenu dawa ni rahisi kuliko ugonjwa. Msiunde mfuko. Mgombea halali ana kamati yake, ina mweka hazina wake, ina kiungo chake cha kuchangia kinachomuuliza kila mtu jina, kazi na mwajiri. Tumeni kiungo hicho kwenye kundi, kila mwenye ruhusa atoe mwenyewe kwa jina lake. Kwa uchaguzi wa shirikisho wa 2025 na 2026 mtu mmoja anaruhusiwa kumpa mgombea hadi dola 3,500 kwa kila uchaguzi, mchujo na uchaguzi mkuu vikihesabiwa mbalimbali. Ninyi fanyeni kazi ya kuhamasisha, na daftari la siasa lisiwepo kabisa.

Kama mfuko upo tayari, utengeni na wa misiba leo hii, kwa akaunti yenye jina la kundi na EIN yake. Mpigieni kila mliyemwandika kwa jina la mtaani. Fedha za asiyeruhusiwa zirudishwe, na risiti ya kuzirudisha itunzwe. Kisha mtafuteni mhasibu au wakili anayejua kifungu cha 527 na sheria za jimbo lenu, kwa sababu mimi siwezi kuzimaliza sheria za majimbo hamsini kwenye kurasa hizi. Tangu mwaka 2002 IRS ina mamlaka ya kusamehe kodi hizi kwa kundi lenye sababu ya kueleweka ambalo halikupuuza kwa makusudi. Mlango huo ni wa anayekwenda mwenyewe. Anayefuatwa nyumbani, uso wake ni mwingine.

Muda ni mfupi. Uchaguzi ni Novemba 3, 2026. Kundi la 527 linalotoa taarifa zake kwa robo mwaka linapaswa kuleta ya robo ya tatu Oktoba 15, na lile lililotumia fedha kwenye uchaguzi wa shirikisho linaongeza nyingine Oktoba 22, siku kumi na mbili kabla ya kura. Bahasha yenye nywila inakuja kwa posta. Ihesabieni wiki kadhaa.

Dada yule tulimjazia fomu zake zote, na barua ya kueleza sababu tuliituma na nakala za daftari. Hajapata jibu. Anaendelea na zamu zake za usiku, na ombi lake la msaada wa kodi ya nyumba limesimama mpaka suala la zile fedha litakapokwisha.

Mweka hazina, fungua daftari lako usiku huu. Ukikuta mstari wenye jina usiloweza kuliandika kwenye fomu ya serikali, mtafute mwenyewe kwanza kabla hujatuma ujumbe mwingine wa kuomba mchango. Na ninyi mliomchagua, msimwachie peke yake.